Shahidi wa Uwanja wa Kisimani

Wenzangu wa hapa Mtwapa, tangu nirudi mmekuwa mkipita kibandani kwangu mmoja mmoja na kuniuliza swali lile lile: Rukia, ulifunga wiki nzima, ulikuwa wapi? Nimejibu kwa mkato kwa sababu cherehani haingoji, na kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Sasa nimeona niliandike mara moja, kila mtu alisome, kisha tuendelee na kazi.

Kwetu ni Mambrui. Nyuma ya nyumba ya babu yangu, Mzee Shee, kuna uwanja wenye kisima. Tangu nipate akili, wanawake wa Kigiriama hushuka na mboga zao kutoka bara, wakatandaza magunia pale, wakauza, wakanywa maji, wakarudi kwao. Mwaka huu kaka yangu Abdalla alichimbia nguzo za zege kuuzunguka uwanja wote. Alitaka kujenga nyumba za kupangisha. Mama Sidi, muuza mchicha ambaye nimemjua tangu utoto wangu, alikwenda kulia kwa shangazi yangu, naye shangazi akanipigia simu.

Shangazi ni binti wa Mzee Shee, na sasa hatoki kitandani. Aliniambia uwanja ule si wa babu peke yake. Aliukubali kuwa wa watu wote katika yale mazungumzo ya kabla ya uhuru, wakati watu wa mji na watu wa bara walipokaa kujadili pwani itaelekea wapi bendera ya Mwingereza ikishuka. Nilipomweleza Abdalla, akanijibu, "Shangazi anachanganya mambo. Babu alikwenda bara akawaelekeza wale watu, wakaelekea. Hakumpa mtu kitu. Kama una shahidi aliye hai, mlete Jumamosi mbele ya chifu."

"Shahidi yuko," akasema shangazi nilipompigia tena. "Mtafute Kadzo wa Marafa. Alikuwa mke wa mtoto wa Mzee Kombe, na Kombe ndiye aliyewasemea Wagiriama. Kadzo ndiye aliyempikia baba siku tatu alipokaa kwao. Kama hajafa, atasema."

Simu ya Kadzo hakuna aliyeijua. Ilikuwa Jumatatu. Siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri, nilifunga kibanda.

Mtwapa hadi Malindi

Basi lilikuwa zuri hadi tulipopita Vipingo kidogo, hapo mkanda wa injini ukakatika. Dereva alituambia dakika ishirini. Tulikaa saa mbili na nusu ukingoni mwa barabara, karibu na njia ya kuingilia Junju, jua likitupiga na mikonge ikitutazama. Malori mawili yaliyojaa watu wenye leso nyeusi yalitupita yakaingia njia ile ya Junju. Mtu mmoja akasema kuna msiba mkubwa huko. Nikasema Mungu awarehemu, nikaendelea kujipepea na kipande cha boksi. Kumbukeni hapo, maana baadaye nilijilaumu sana.

Nilikuwa nimeketi karibu na bwana mmoja wa makamo, amevaa shati la mikono mirefu lililonyooshwa vizuri, mwalimu mstaafu wa Kilifi. Alikuwa na mfuko wa korosho na alinikaribisha bila choyo. Aliponiuliza ninakokwenda, nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Dada yangu, usijichoshe. Mambo ya mwambao yalizungumzwa na wakubwa, tena Ulaya, katika vyumba vyenye mazulia. Huku hakuna aliyeulizwa."

"Babu yangu aliulizwa."

"Aliulizwa na nani?"

Nilijua tu hadithi ya nyumbani, kwamba watu wa miji walitaka pwani isimame peke yake au ibaki na sultani, kwamba watu wa bara walitaka iende pamoja na Kenya, na kwamba babu alitembea kwa miguu kwenda kusema nao. Mwalimu alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia kila familia ina babu aliyeokoa nchi. Hakusema kwa kunidharau. Lakini basi lilipotengenezwa na tukavuka daraja la Kilifi, maneno yake yalikuwa bado yananichoma, na pale ndipo nilipoazimia kwamba sitarudi Mtwapa bila Kadzo, akiwa hai, au bila kuliona kaburi lake.

Malindi nilifika alasiri. Nililala kwa rafiki yangu wa chuoni, Salma, mtaa wa Shela. Alinipa samaki wa kupaka na wali wa nazi, na asubuhi mahamri na mbaazi. Kuhusu safari yangu alisema neno moja tu: "Huko Marafa vaa viatu vya kufunga. Juzi kumenyesha."

Sikuwa na viatu vya kufunga.

Malindi hadi Marafa

Hadi kwenye njia panda ya Marikebuni nilikwenda kwa gari dogo la abiria, na kutoka hapo nikapanda pikipiki. Barabara ilikuwa udongo mwekundu ulioloa. Mwendeshaji, Bwana Charo, mtu mzima mwenye watoto sita, alinieleza habari za wote sita kabla hatujaanguka. Hatukuumia. Tairi la mbele lilizama kwenye tope, nasi tukalala ubavuni pole pole kama watu wanaolala kitandani. Ndala yangu moja ilibaki chini ya matope na hatukuipata. Charo alinivulia zake, kubwa kama mitumbwi, akaendesha miguu mitupu.

Marafa nilianza kuuliza, "Kwa Kadzo ni wapi?" Watu walicheka. Kumbe kuuliza Kadzo Marafa ni kama kuuliza Fatuma Mambrui. Nikapelekwa kwa Kadzo mmoja, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfuga kuku. Alinikaribisha kwa furaha kubwa, akanitandikia mkeka mpya, akamwita mumewe kutoka shambani, akawaita na jirani wawili. Nikaona ajabu, lakini nikakaa. Mume alipofika, alisafisha koo na kusema, "Sisi hatuna neno. Kijana wetu ni mpole na ana kazi. Lakini binti yenu mwenyewe anasemaje?"

Ikachukua muda kuelewana. Walikuwa wakingoja ugeni wa watu wa Malindi, wazazi wa msichana aliyependana na mwana wao. Nilipowaambia mimi ni fundi cherehani wa Mtwapa na sina binti, yule Kadzo alijifunika uso kwa leso akacheka hadi machozi yakamtoka. Mumewe yeye aliona haya. Wenyewe ndio walionipeleka nyumba niliyoitafuta, upande wa pili wa kijiji, nikiwa na ndala za Charo na matope hadi magotini.

Mwenye nyumba alikuwa Karisa, mtoto wa yule Kadzo wangu. Mtu mrefu, ana mvi, anasema taratibu. Nilipotaja jina la Mzee Shee wa Mambrui alisimama, akanisalimu mara ya pili, safari hii kwa mikono miwili.

"Mama hayuko," akasema. "Ameondoka Jumatatu. Amefiwa na mdogo wake."

"Wapi?"

"Junju."

Niliketi kwenye gogo. Nilimwona mbele yangu yule dereva na mkanda wake, na malori ya watu wenye leso nyeusi. Kadzo alikuwa kule kule nilikokaa saa mbili na nusu nikijipepea, tena si mbali na kibanda changu.

Nilitaka kuondoka saa ile ile. Karisa alikataa. Mtu wa nyumba ya Shee hawezi kupita kwao bila kula, akasema, na hilo halikuwa la kujadili. Akakamata jogoo. Kisha akasimama naye mkononi, akanitazama, akafikiri. Yeye ni Mkristo. Akaondoka na jogoo kwapani kwenda kumtafuta jirani Mwislamu, wa karibu wawili hawakuwepo, wa tatu yuko mbali, na akarudi baada ya saa moja na zaidi, jogoo akiwa amechinjwa na jirani mwenyewe amefuatana naye kunithibitishia kwamba amemchinja kwa mkono wake. Mke wa Karisa akaazima sufuria ya jirani huyo huyo. Saa zilinipotea, lakini nilikula, na sijawahi kula kuku kwa heshima kama ile. Kando waliweka sima na mboga chungu wanayoiita mutsunga. Nilimeza kidogo, uso ukanikunjamana.

Karisa akacheka. "Mama husema babu yako naye alikunja uso hivyo hivyo."

"Alisema nini tena?"

"Hayo si yangu kuyasema. Mimi nilizaliwa baadaye. Mwenye maneno ni yeye."

Kurudi nyuma hadi Junju

Siku ya Alhamisi nilishuka njia ile ile niliyopanda. Karisa aliniandikia jina la ukoo wa marehemu kwenye karatasi, na mkewe akanipa viatu. Junju nilifika karibu saa tisa alasiri, nikaiona nyumba ya msiba kutokana na wingi wa watu.

Kadzo alikuwa ameketi miongoni mwa wanawake wazee, mdogo wa mwili, mgongo wima, leso mbili zilizofifia. Nilipiga goti nikasema, "Shikamoo, Hawe," maana nilikuwa nimefundishwa njiani kwamba bibi kwao huitwa hawe.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

Nikamweleza kwa haraka, kwa sababu nilikuwa na haraka: uwanja, kisima, chifu, Jumamosi. Nikaona uso wake ukifunga kama dirisha.

"Kila wakati wa kura mnakuja," akasema kwa Kiswahili chenye sauti ya kwao. "Mnatuuliza wazee wetu walisema nini, mnaandika, mnaondoka, kisha mnasema mnayotaka ninyi. Mimi nimekuja kumzika ndugu yangu."

Akageuka. Mpwa wake, kijana wa kiume aliyekuwa amesimama karibu, akaniambia kwa adabu lakini kwa mkazo kwamba ni vyema niende.

Sikwenda. Wala sikumsumbua tena. Nilikwenda nyuma ya nyumba, ambako wanawake walikuwa wakipika kwa ajili ya watu wa msiba, nikaomba kazi. Wakanipa masufuria. Yalikuwa makubwa ya kuingia mtu mzima, yameungua chini, na nikayasugua kwa mchanga na majivu mpaka kucha zikanilainika. Ijumaa nikachambua maharagwe, nikakuna nazi, nikateka maji. Walipoona gauni la binti wa marehemu limefumuka begani muda mfupi kabla ya maziko, nikatoa sindano, ambayo haikosi kwenye mkoba wangu, nikalishona akiwa amelivaa. Aliniuliza mimi ni wa nani katika ukoo. Nikasema mimi si wa ukoo, nimekuja kumngoja Hawe Kadzo amalize msiba wake.

Nawaambieni kweli, nilikuwa na hasira kiasi. Kila saa iliyopita nilimwona Abdalla akipanga matofali. Lakini nilijiambia kwamba nikisukuma nitavunja.

Baada ya maziko Kadzo alikuja mwenyewe pale jikoni. Alisimama akinitazama ninavyosugua.

"Jana hukuniambia jina la babu yako."

Ni kweli. Katika haraka yangu nilitaja kila kitu isipokuwa jina.

"Ni Shee, Hawe. Mzee Shee wa Mambrui."

Alikaa chini kwenye kigoda, taratibu, akiushika ukuta. "Shee," akasema. "Yule aliyeogopa mboga zangu." Akajifunga leso vizuri. "Yule ni mtu. Na huyo anayejenga ni nani?"

"Ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja."

"Na wewe unamshitaki ndugu yako?"

"Simshitaki. Nataka asikie. Yeye anasema babu alikwenda kwenu akawaelekeza."

Hapo bibi yule alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone, kicheko kifupi cha puani. Nikamwomba anisimulie. Akakataa.

"Nitasema huko huko, mara moja. Nikisema hapa kisha nikasema na kule, ya pili yatakuwa yamepikwa upya. Kesho tutaondoka saa ngapi?"

Junju hadi Mambrui

Mpwa wake hakutaka. Alisema bibi ana zaidi ya miaka themanini, ametoka kuzika, na watu wa mji wana maneno mengi. Kadzo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia amletee fimbo yake. Basi ndiyo ilikuwa ruhusa.

Mkutano ulikuwa saa nne. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi na nilidhani tuna muda wa kutosha. Lakini Kilifi alitaka ugoro, na si ugoro wowote, ule wa mwanamke mmoja wa sokoni ambaye siku hiyo alichelewa kufungua. Nikamwambia, "Hawe, tutachelewa." Akasema, "Hao wamekaa na uwanja wetu miaka yote hii, watakosaje kuningoja kidogo." Tukangoja. Gede basi likasimama tena kushusha mizigo. Nilikuwa nikitazama saa mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama namfuata mgonjwa.

Tulipovuka mto Sabaki ilikwisha kuwa saa tano na nusu. Nilimpakia bibi kwenye tuktuk hadi uwanjani, na nilipochungulia niliona watu wanainuka vitini. Turubai lilikuwa limetandwa kati ya nguzo za Abdalla. Wazee wa mji walikuwa upande mmoja, wanawake wa mboga upande wa pili, chifu anafunga daftari, na Abdalla amekwisha kuvaa viatu vyake.

"Chifu," nikasema, "shahidi amefika."

Abdalla alitazama, akamwona bibi akishuka na fimbo. Hapo alifanya jambo ambalo lilitokana na malezi tu, bila kufikiri. Alikwenda kumpokea mkono, akamwamkia kwa Kigiriama safi. Miaka ya ujana wake kaka yangu alikuwa akinunua nazi huko bara, na lugha yao anaisema kama mtu aliyezaliwa nayo. Mimi sijui zaidi ya hawe.

Watu wakakaa tena. Kadzo akasema Kiswahili chake si cha kuhukumia watu, atasema kwa lugha yake. Ikawa nani atafasiri. Mama Sidi akanyoosha mkono, lakini wazee wa mji wakasema yeye ana dai lake. Naibu wa chifu anayejua Kigiriama alikuwa safarini. Minong'ono ikaanza, na nikahofia kwamba mkutano utaahirishwa na Jumatatu ukuta utakuwa umesimama.

Kadzo akainua fimbo akamwelekezea Abdalla.

"Huyu. Aliyenisalimu kwa lugha yetu."

"Hawe, mimi ndiye mwenye jambo," akasema Abdalla.

"Ndiyo maana. Ukisema wewe, nani atabisha?"

Chifu akamtazama Abdalla. Abdalla akavuta kiti karibu na bibi.

Alianza kusema, naye kaka akimfuata sentensi kwa sentensi, sauti yake kavu kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Anasema, siku ya yale mazungumzo walikaa hapa hapa. Watu wa mji upande wa kisima, watu wao upande wa njia. Jambo lilikuwa, bendera ikishuka, pwani iende na nani. Watu wa mji walisema isimame peke yake. Walikuwa na hofu kwamba wakiingia Kenya, kadhi ataondolewa na hati za mashamba zitachanwa. Watu wao walisema, pwani ikisimama peke yake, sisi tutakuwa wakaaji wa huruma kwenye mashamba tuliyoyalima wenyewe, bora Kenya. Anasema maneno yalikuwa makali lakini watu walikuwa wamekaa."

Bibi akavuta ugoro kidogo, akaendelea.

"Anasema, ndipo Mzee Shee akasimama. Akasema, 'Msiwe na wasiwasi, ndugu zetu. Ninyi ni wageni wetu, na sisi hatumfukuzi mgeni.'"

Upande wa wazee wa mji mmoja akaitikia kwa kichwa, kwamba babu alisema vizuri. Upande wa wanawake wa bara hakuna aliyetikisika.

"Anasema, baba mkwe wake, Mzee Kombe, akainuka. Akauliza, 'Mgeni kwa nani?' Akaondoka, na watu wote wa bara wakamfuata. Shee akabaki amesimama. Alidhani amewapa heshima."

Haya sikuwahi kuyasikia, wala shangazi hakunieleza. Hadithi yetu ya nyumbani ilianzia babu akiwa njiani, haikusema aliondoka kwa nini.

"Anasema, baada ya siku mbili Shee akatokea Marafa kwa miguu, peke yake. Mzee Kombe akamwambia karibu mgeni, akapewa pa kulala. Siku ya kwanza hakuna aliyesema naye habari za bendera. Yeye, huyu bibi, alikuwa bibi harusi, akampikia. Hakula nyama, alikunywa maji na kula mboga chungu kidogo. Siku ya pili Kombe akamzungusha mashambani, akamwonyesha makaburi ya wazee wao, akamwuliza, 'Kile kisima cha kwenu Mambrui nani alikichimba?' Shee hakujibu. Siku ya tatu akaomba watu waitwe."

Kadzo akasema sentensi moja ndefu. Abdalla akarekebisha kofia yake.

"Endelea," akasema chifu.

"Anasema," Abdalla akaanza, akakohoa. "Anasema walielewana."

Wanawake wa bara wakaguna. Kadzo hakugombana naye. Alimgeukia, akaweka mkono wake juu ya goti la kaka yangu, akarudia sentensi ile ile polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemfunza mtoto kusoma. Abdalla alitazama chini. Niliona shingo yake imetoka jasho. Nilimjua kaka yangu vizuri, na sikujua atafanya nini.

Alivua kofia, akaiweka juu ya mapaja.

"Anasema, babu yetu alisimama mbele ya watu wa Marafa akasema, 'Kombe, siku tatu hizi nimekuwa mgeni kwako ndipo nimejua nilichowaambia. Kisima kile nilikikuta. Walikichimba watu wenu kabla ya nyumba yangu kujengwa. Uwanja ule ni wenu kama ulivyo wetu, nami naomba radhi.'" Akamgeukia chifu. "Hivyo ndivyo alivyosema huyu bibi. Sikuongeza, sikupunguza."

Kadzo akamalizia, na kaka akafasiri mengine kwa sauti ya chini zaidi. Walirudi Mambrui pamoja, Shee na Kombe. Watu wa serikali walipokuja kuuliza raia wanataka nini, wawili wale walisema kwa mdomo mmoja: bendera yoyote itakayopanda, kadhi asiguswe, na mtu asiondolewe kwenye shamba alilolima. Kama wakubwa waliwasikiliza, hajui. Ila tangu siku hiyo uwanja haukufungwa.

Nilimkumbuka yule mwalimu wa basini. Ningependa angekuwepo.

Chifu alimuuliza Abdalla kama ana la kusema. Abdalla akasema hana. Akasema ataziondoa nguzo. Hakunitazama.

Mambrui hadi Marafa, na kurudi

Usiku ule bibi alilala chumbani kwa shangazi. Walikuwa hawajawahi kuonana, lakini kwa kuwasikia ungedhani ni mtu na dada yake.

Jumapili asubuhi Abdalla alileta gari lake la mizigo mlangoni, akasema atampeleka mwenyewe hadi Marafa. Nilipanda nyuma yao. Njia nzima walisema Kigiriama, bibi akiuliza, kaka akijibu, na kuna mahali walicheka wote wawili. Sikujua wamecheka nini, wala sikuuliza. Kwa Karisa tulipewa tena mutsunga. Abdalla aliila yote, akaomba nyingine.

Kurudi tulikuwa wawili. Tulifika Marikebuni. Kisha akauliza, "Shangazi aliyajua haya yote?"

"Ya uwanja aliyajua. Ya mgeni, hapana. Hata mimi sikuyajua."

"Miaka yote nimekuwa nikiwasimulia watu msikitini kwamba babu aliwaelekeza."

"Wote tulisimulia hivyo, kaka."

Akaendesha. Baada ya muda akasema, "Ningefasiri vingine, hao wanawake wangejua."

"Wangejua. Lakini wazee wa mji wangekuamini wewe."

Akabadilisha gia.

Jumatatu asubuhi nilipita uwanjani na mkoba wangu kuaga. Mama Sidi alikwisha kutandaza gunia lake, mchicha umerowanishwa, na wenzake walikuwa wakiteka maji. Abdalla alikuwa peke yake na sururu, ameloa jasho, anachimbua nguzo ya kwanza upande wa kisima. Alikuwa amezichimbia vizuri, zilikataa kutoka. Aliponiona alisimama kidogo, akapangusa uso, akanionyesha kwa kidevu mwisho wa pili wa nguzo.

Niliweka mkoba chini, nikakunja mikono ya baibui, nikashika.